Taa Moja Kando ya Kamera: Historia ya Ufundi wa Flashi na Namna Ulivyofundishwa

1. Utangulizi

Katika Kiswahili picha hupigwa, kama zinavyopigwa ngoma, kengele na pasi. Kitenzi hiki kinaufaa zaidi upigaji picha wa flashi, kwa kuwa mwanga wa flashi hupiga kweli: hutoka ghafula, hufika juu ya uso wa mtu na kutoweka kabla jicho halijatambua lililotukia. Basi swali la kwanza la kila mwanafunzi wa ufundi huu ni lile la mahali pa kupigia. Mwanga utoke upande gani? Utoke kwenye kamera yenyewe, au utoke kando yake?

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya flashi moja iliyotengwa na kamera, na hasa namna elimu yake ilivyopita kutoka mtu hadi mtu: kwanza kwa njia ya uanagenzi, na baadaye, tangu miaka ya 2000, kwa masomo yaliyotolewa bure na kwa video. Hoja yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kuiweka flashi kando ya kamera si uvumbuzi wa karne hii, bali ni marejeo ya desturi ya kale. Ya pili ni kwamba jambo jipya lilikuwa katika namna ya kufundisha, na namna hiyo iliwezekana kwa sababu taa moja humwachia mwanafunzi ushahidi anaoweza kuusoma mwenyewe, pasipo fundi wa kumsimamia.

2. Mwanga ulioshikwa mkononi

Njia ya Louis Daguerre ilipotangazwa hadharani mjini Paris mwaka 1839, hapakuwa na mwanga wa kupigia picha isipokuwa wa jua. Ndiyo maana studio za karne ya 19 zilijengwa kwenye orofa za juu, zikawa na mapaa ya vioo. Mwanga uliamua saa ya kazi, majira ya kazi na hata sura za watu, maana aliyepigwa picha alilazimika kukaa kimya kwa sekunde nyingi.

Jitihada za kuondokana na jua zilianza mapema. Mnamo mwaka 1861 Gaspard-Félix Tournachon, aliyejulikana kwa jina la Nadar, aliteremka katika mapango ya mifupa chini ya jiji la Paris akiwa na taa ya umeme iliyotiwa nguvu na betri za Bunsen. Picha moja iliweza kumchukua hata dakika 18, na kwa kuwa hakuna mfanyakazi awezaye kusimama bila kutikisika kwa muda huo, Nadar aliweka masanamu yaliyovikwa nguo za kazi. Mwaka 1864 huko Manchester, Uingereza, Alfred Brothers alipiga picha ya mtu kwa mwanga wa waya wa magnesiamu uliowashwa moto. Mwaka uliofuata Charles Piazzi Smyth, mtaalamu wa nyota kutoka Uskoti, aliutumia mwanga huohuo ndani ya Piramidi Kuu ya Misri.

Hatua kubwa ilipigwa Ujerumani mwaka 1887, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke walipochanganya unga wa magnesiamu na kemikali nyingine zenye kuharakisha moto. Mchanganyiko huo uliwaka kwa mara moja, kwa mlio na moshi mzito. Yafaa kukumbuka kwamba unga huu haukuweza kufungwa juu ya kamera, maana ungeichoma pamoja na mwenyewe. Uliwekwa juu ya kisinia, ukashikwa kwa mkono mbali na lenzi. Kwa hiyo flashi ilizaliwa ikiwa imetengwa na kamera.

Aliyeifanya flashi hiyo ijulikane na umma ni Jacob Riis, mzaliwa wa Ribe, Denmark, mwaka 1849, aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi mjini New York. Tangu mwaka 1888 alikuwa akiingia usiku katika nyumba za maskini na kuwasha unga wake. Hapo mwanzo alitumia chombo mfano wa bastola. Alipoona kwamba kinawatia watu hofu, akakiacha na kutumia kikaango. Zaidi ya mara moja alisababisha moto, na mara moja ilikuwa katika chumba walimokaa vipofu. Kitabu chake, How the Other Half Lives, kilitoka mwaka 1890, kikachangia sana katika kampeni za kuboresha makazi. Mtaa mchafu wa Mulberry Bend ulibomolewa, na mahali pake bustani ikafunguliwa mwaka 1897.

Mfano wa Riis unafundisha mambo mawili yasiyopaswa kutenganishwa. Mwanga wake ulileta manufaa, kwa kuwa ulionyesha yale ambayo wenye mamlaka walikuwa wakiyakana. Lakini watu wengi katika picha zake waliamshwa usingizini na moto ambao hawakuuomba, na nyuso zao zinaonyesha mshtuko huo hadi leo. Mahali pa taa peke yake hapampi mpiga picha adabu; mpigwa picha naye ana haki ya kujua kwamba mwanga unakuja.

3. Flashi ilivyopanda juu ya kamera

Mwaka 1929 balbu ya flashi ilianza kuuzwa Ujerumani, na mwaka 1930 ikaingia sokoni Marekani. Ilikuwa chupa ya kioo yenye karatasi nyembamba ya alumini na hewa ya oksijeni, nayo iliwashwa kwa umeme wa betri. Moshi ulikwisha, hatari ya moto ikapungua sana, na kwa sababu hiyo ikawezekana kuifunga taa ubavuni mwa kamera na kuiwasha kwa wakati uleule shata inapofunguka. Wapiga picha wa magazeti waliipokea kwa furaha. Arthur Fellig, aitwaye Weegee, alizunguka New York usiku kwa gari lenye redio ya polisi, akipiga picha za ajali na mauaji kwa kamera ya Speed Graphic na balbu zake. Kitabu chake Naked City kilitoka mwaka 1945. Wapo wenzake waliokuwa wakiichomoa taa na kuinyanyua kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishika kamera. Desturi ya kutenga taa haikufa, ila ilibaki kwa wachache.

Wakati huohuo, Harold Edgerton wa chuo cha MIT alikuwa akitengeneza, tangu mwaka 1931, taa ya aina nyingine kabisa. Yeye alihifadhi umeme ndani ya kapasita, kisha akauachilia kwa ghafula kupitia bomba la kioo lililojaa gesi. Balbu iliungua mara moja ikatupwa. Bomba la Edgerton liliweza kuwaka maelfu ya mara. Flashi zote za kielektroniki zilizofuata ni wajukuu wa taa hiyo. Kufikia miaka ya 1970 flashi ndogo kama Vivitar 283 zilikuwa na kijicho cha kupima mwanga unaorudi kutoka kwa mtu na kuukata unapotosha. Mpiga picha hakuhitaji tena kupiga hesabu. Aliichomeka flashi katika kishikizo kilicho juu ya kamera, akabonyeza.

Wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Mwanga utokao mahali palepale inapotazama lenzi husukuma vivuli vyote nyuma ya mtu, vikafichika. Uso unakuwa bapa kama sahani, na ukuta wa nyuma unaingia gizani. Gharama ya pili haikuwa ya ufundi tu. Flashi ya mbele ndiyo iliyokuwa flashi ya vitambulisho. Katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, mfumo wa Polaroid wa kutengenezea vitambulisho ulitumika kwa ajili ya vitabu vya pasi walivyolazimishwa Waafrika kubeba. Kamera ya mfumo huo, iitwayo ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha kampeni ya kupinga biashara hiyo, na mwaka 1977 kampuni ikaacha kuuza bidhaa zake Afrika Kusini.

Kitufe hicho kina maana kubwa katika historia ya mwanga. Filamu za rangi za karne ya 20 zilirekebishwa kwa kufuata ngozi nyeupe: maabara za kusafishia picha zililinganisha rangi kwa kadi zilizoitwa kadi za Shirley, ambazo kwa miongo mingi zilionyesha wanawake weupe peke yao. Uso mweusi ulipotoka bila umbo, jibu la mtengeneza mitambo lilikuwa kuongeza nguvu ya mwanga kutoka upande uleule. Jibu hilo lilitosha kwa askari anayetaka kulinganisha sura na jina. Halikutosha kwa mtu anayetaka kujiona. Mafundi wa studio walijua jibu jingine: kuihamisha taa kando, ili mng'ao wa ngozi uchore paji, shavu na kidevu.

4. Elimu ya mwanga katika uanagenzi

Mafundi hao waliipata wapi elimu yao? Barani Afrika, kama kwingineko, waliipata kwa fundi aliyewatangulia. Malick Sidibé wa Mali aliajiriwa mwaka 1955 kupamba duka la Mfaransa Gérard Guillat mjini Bamako, akabaki hapo kama mwanagenzi, kisha mwaka 1962 akafungua Studio Malick katika mtaa wa Bagadadji. Samuel Fosso, mzaliwa wa Kamerun mwaka 1962, alijifunza kwa miezi mitano tu mjini Bangui, akafungua studio yake mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Jioni, wateja walipokwisha kuondoka, alimalizia filamu kwa kujipiga picha mwenyewe ili amtumie bibi yake picha hizo huko Nigeria. Studio ikageuka shule, naye akawa mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja.

Hapa Kongo, Jean Depara anastahili kutajwa. Alizaliwa Kibokolo, Angola, mwaka 1928, akafanya kazi Léopoldville tangu miaka ya 1950, na mwaka 1954 mwanamuziki Franco Luambo akamteua kuwa mpiga picha wake. Depara, aliyefariki mwaka 1997, alipiga picha za baa na dansi za rumba, yaani maisha ya saa ambazo jua halina msaada wowote. Picha zake za usiku zinakumbusha kwamba flashi haikuwa chombo cha polisi na cha kitambulisho peke yake. Iliweza pia kuwa mwalikwa wa sherehe.

Njia ya uanagenzi ilikuwa na sifa zake. Mwanafunzi aliona kwa macho yake fundi anavyosogeza taa hatua moja na kumgeuza mteja kidogo. Alipokosea alikemewa papo hapo. Kasoro yake ni kwamba mlango ulikuwa mwembamba. Aliyekosa ndugu au rafiki katika ufundi, au ada, au miezi ya kufanya kazi bila malipo, alibaki nje. Tena si kila fundi aliyekubali kumwonyesha kijana kile kilichokuwa riziki yake. Aidha, makosa yalikuwa ghali: filamu ilinunuliwa, ikasafishwa, na matokeo yakaonekana baada ya siku, wakati mwanafunzi amekwisha kusahau taa ilikuwa wapi.

5. Mwaka 2006 na baada yake

Mambo matatu yalikutana mwanzoni mwa karne ya 21. Kwanza, kamera ya kidijitali. Nikon D1 ilitoka mwaka 1999 ikiwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, lakini mwaka 2003 Canon EOS 300D iliuzwa Marekani kwa bei isiyofika dola 1,000. Kuanzia hapo mwanafunzi aliweza kuona kosa lake kwenye kioo cha kamera baada ya sekunde moja, na kosa halikumgharimu filamu. Pili, YouTube ilianzishwa mwaka 2005, na video ikawa kitu ambacho mtu yeyote aweza kukituma na kukitazama. Tatu, palitokea walimu waliokubali kuifungua siri ya ufundi.

Wa kwanza kati yao alikuwa David Hobby, mpiga picha wa gazeti la The Baltimore Sun. Mwaka 2006 alianza kuchapisha katika intaneti, chini ya jina la Strobist, mfululizo wa masomo ya bure juu ya flashi ndogo iliyotengwa na kamera. Vifaa alivyovipendekeza vilikuwa vichache: flashi ya zamani yenye kurekebishwa kwa mkono, stendi nyepesi ya taa, mwavuli mweupe, na waya au redio ndogo ya kuiwasha. Masomo ya awali yalikuwa maandishi na picha. Mwaka 2008 akatoa pia mafunzo ya video katika DVD, na mwaka huohuo akaacha kazi ya gazeti. Naye Zack Arias, mpiga picha wa Atlanta aliyezoea kuwapiga picha wanamuziki kwa vifaa vichache, aliendesha semina alizoziita OneLight, jina lenye maana ya taa moja, kisha akazitoa kwa video. Joe McNally, aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka mingi na majarida makubwa, akachapisha The Hot Shoe Diaries mwaka 2009.

Baada ya hao wakafuata wengine wengi, kila mmoja akisimama mbele ya kamera yake akiwa na taa na mtu wa kumpiga picha. Viwanda vya Shenzhen nchini Uchina vikaanza kutengeneza flashi na redio za bei nafuu, hata vifaa ambavyo zamani vilikuwa vya mtaalamu vikafika mikononi mwa mpiga picha wa harusi za mtaani. Hobby aliacha kuchapisha masomo mapya mwaka 2021, baada ya miaka 15. Kufikia wakati huo alichokianza kilikuwa kimekwisha kuwa desturi ya kawaida, na wengi walioifuata hawakulijua jina lake.

6. Kwa nini taa moja

Walimu hao hawakuanza na taa moja kwa ajili ya bei peke yake. Taa moja ni kama sentensi yenye kitenzi kimoja: mwanafunzi huona nani ametenda nini. Taa zikiwa tatu, vivuli hukatana, na anayeanza hawezi kujua kosa limetoka katika taa ipi. Ikiwa moja, kila kivuli kina mwenyewe. Mambo makuu anayofundishwa ni manne.

La kwanza ni mahali. Taa ikiwekwa upande wa kulia wa kamera kwa nyuzi 45 na juu kidogo ya macho, kivuli cha pua huanguka upande wa kushoto kuelekea pembe ya mdomo, na uso hupata umbo. Ikisogezwa hadi ubavuni kabisa, nusu ya uso huingia gizani.

La pili ni ukubwa. Flashi tupu ni ndogo, kwa hiyo kivuli chake kina ukingo mkali. Ikipigwa ndani ya mwavuli wenye upana wa mita moja, uliowekwa karibu na uso, ukingo hulainika. Mwavuli huohuo ukipelekwa umbali wa mita tano, machoni pa mpigwa picha unakuwa mdogo, na kivuli hurudia ukali. Ndiyo sababu jua, lililo kubwa kuliko taa zote, hutoa kivuli kikali saa sita mchana: liko mbali mno.

La tatu ni umbali. Sheria aliyoieleza Johannes Kepler mwaka 1604 inasema kwamba umbali ukiongezeka maradufu, mwanga hupungua hadi robo. Tuseme taa iko mita moja kutoka kwa mtu, na ukuta uko mita mbili nyuma yake. Ukuta uko mita tatu kutoka kwenye taa, hivyo hupata sehemu moja tu katika tisa ya mwanga unaoufikia uso, nao hutoka karibu mweusi. Taa ikirudishwa nyuma hadi mita nne, ukuta unakuwa mita sita, nao hupata sehemu nne katika tisa. Ukuta mweupe waweza kugeuka kijivu au mweusi pasipo kupakwa rangi, kwa kusogeza taa tu.

La nne ni mizani kati ya flashi na mwanga uliopo. Flashi huwaka kwa muda wa sehemu ndogo sana ya sekunde, mara nyingi pungufu ya 1/1000. Shata ikifunguliwa kwa 1/60 au kwa 1/200, flashi yote huingia, lakini mwanga wa dirisha au wa machweo huingia kidogo zaidi katika muda mfupi. Tundu la lenzi, kwa upande wake, hupunguza vyote viwili kwa pamoja. Hivyo kwa shata mwanafunzi hutawala mbingu na chumba, na kwa tundu la lenzi hutawala flashi. Hesabu yenyewe ni nyepesi: flashi yenye namba ya nguvu 32 hutaka tundu la f/8 kwa mita nne, na f/16 kwa mita mbili, kwa kuwa namba hiyo hugawanywa kwa umbali.

Mambo hayo yanafaa kufundishwa kwa video kwa sababu yote ni mwendo. Kitabu kinaweza kueleza kwamba taa imesogezwa. Video huonyesha mkono ukiisogeza, kisha huonyesha picha iliyopatikana, kisha mkono tena. Mwanafunzi naye hurudia kwa yai lililowekwa juu ya meza, au kwa mdogo wake aliyekubali kukaa kitini. Anaposhindwa hana wa kumwuliza, ila ana kivuli. Kivuli cha pua humwambia taa ilikuwa wapi. Ukingo wake humwambia taa ilikuwa na ukubwa gani. Weusi wa ukuta humwambia umbali. Nukta ya mwanga ndani ya jicho la mpigwa picha huonyesha hata umbo la mwavuli. Aliyejifunza kusoma alama hizo huweza pia kuzisoma katika picha za wengine, na hapo kila picha nzuri aionayo huwa somo.

7. Mipaka ya mwalimu asiyemwona mwanafunzi

Hata hivyo, mwalimu wa video hamwoni mwanafunzi wake. Hawezi kumwambia kwamba mpigwa picha amechoka, wala kwamba mkao huu unamdhalilisha mzee. Adabu ya kuomba ruhusa, ya kumtuliza mtu kabla ya mwanga kumpiga, ilikuwa sehemu ya uanagenzi, nayo haionekani kwa urahisi kwenye kioo. Historia ya Riis na ile ya vitabu vya pasi zinaonyesha kwamba sehemu hiyo si pambo.

Tena, vipimo vya somo hutegemea uso uliotumika katika somo. Vipimamwanga hukisia kwamba kila kitu mbele yao ni kijivu cha wastani. Bibi arusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa nguo nyeupe pana hukidanganya kipimo, na uso wake hutoka gizani. Mwanafunzi anayenakili namba za mwalimu bila kuutazama uso ulio mbele yake atakosea. Ngozi nyeusi huonekana vizuri kwa mng'ao wake zaidi ya weupe wa mwanga unaoipiga, kwa hiyo taa pana iliyo ubavuni, hata ikiwa na nguvu ndogo, huchora zaidi kuliko flashi kali ya mbele. Somo hili halimo katika kila video. Anayelihitaji analipata kwa taa ileile moja, akiisogeza na kutazama.

Kuna pia suala la lugha. Sehemu kubwa ya masomo hayo hutolewa kwa Kiingereza, na kijana wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani huyafuata kwa macho zaidi ya masikio. Hilo linawezekana, lakini anapotaka kumfundisha mwenzake hukosa maneno, akabaki kuonyesha kwa kidole. Kiswahili si maskini katika uwanja huu. Kinatofautisha mwanga na nuru, giza na utusitusi, kivuli na mng'ao. Kina mwavuli, pazia na ukingo. Fundi anaweza kusema kwamba kivuli kina ukingo mkali au laini, na akaeleweka na kila mtu. Yale machache yasiyo na jina, kama flashi, lenzi na shata, yamekwisha kuingia kwa sauti za Kiswahili. Kinachokosekana ni desturi ya kuyatumia maneno hayo kwa mpangilio mmoja katika mafundisho. Kazi hiyo ni ya mafundi na ya wataalamu wa lugha kwa pamoja, wala haihitaji mtambo mpya.

8. Hitimisho

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Flashi ilianza mkononi mwa mtu, kando ya kamera. Balbu na kijicho cha kupimia mwanga zikaipandisha juu ya kamera kwa ajili ya wepesi. Kisha masomo ya miaka ya 2000 yakairudisha kando. Katika safari hiyo sheria za mwanga hazikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya watu walioruhusiwa kuzijua. Elimu iliyopita zamani katika mlango wa studio ilienea kwa watu wenye flashi ya betri nne, mwavuli na simu ya kutazamia somo.

Kuenea huko hakukumfuta fundi, ila kumegeuza kazi yake. Namna ya kuweka taa mwanafunzi aweza kuipata mwenyewe, maana kivuli kitamsahihisha. Lililobaki ni kumfundisha namna ya kumtazama mtu anayesubiri mwanga, na kumpa maneno ya kuyasema hayo kwa lugha yake.